Perseze ya kolone ya zamani: cha kuangalia mbele ya kutoa pesa

Perseze ya kolone ni ile mashini ya kutoboa chuma inayosimama juu ya nguzo, iko na mukono wa kushusha meshi pole pole na meza ya kufungia kazi. Katika miji yetu ya mashariki, zile za zamani zinaonekana bado. Zingine zilitoka kwa mashamba ya kahawa na chai ya wakati wa ukoloni, zingine kwa misioni ao shule za ufundi. Fundi wa milango ao wa mashini za kusaga muhogo anajua faida yake: tundu linaingia wima, pale perseze ya mukono inapotembea upande.

Lakini ukikosea kuchagua, umenunua vyuma vya kuuza kwa kilo. Kutu isikuogopeshe, na rangi mupya isikudanganye. Angalia kwanza broshi, ni kusema chuma cha katikati kinachozunguka na kubeba mandreni. Ishushe mpaka chini, ikamate kwa vidole, uisukume kushoto na kulia. Ikicheza sana, jua kwamba nyumba yake imekulika, na bila fundi mwenye turu hautaipona. Kisha funga chuma kilichonyooka ndani ya mandreni, uzungushe kwa mukono: ncha ikichora duara hewani, broshi ao mandreni imepinda. Mandreni unaweza kununua ingine. Broshi ni shida.

Pima pia kichwa na meza kwa nyundo ndogo. Vimetengenezwa kwa fonti, na fonti iliyopasuka inalia vibaya, si kama kengele. Kuisude inaomba bageti za nikeli na moto wa kupasha kwanza. Wengi wanajaribu na bageti ya kawaida, kesho yake inapasuka kando. Matundu ambayo mwenye kwanza alitoboa juu ya meza kwa kukosa uangalifu, hayo si kitu, karibu zote ziko nayo.

Tena, omba karatasi ya kuuzia. Nchi yetu ilipita katika uporaji wa 1991 na 1993, kisha vita, na mashini nyingi zilitembea bila ruhusa ya mwenyewe.

Sasa moteri. Hapa ndipo pesa inapotelea. Soma kibao chake. Nyingi za zamani ni za fazi tatu, na nyumbani tuko na fazi moja ya volti 220, siku umeme uko. Kibao kikiandika 220/380, inawezekana kuifunga kwa pembetatu na kuongeza kondensateri ya kudumu: wafundi wa umeme wanahesabu mikrofaradi karibu 70 kwa kila kilowati. Moteri inapoteza kama sehemu moja kwa tatu ya nguvu, lakini kwa kutoboa inatosha. Kikiandika 380/660, usihangaike nayo nyumbani; tafuta moteri ingine ya fazi moja. Na usisahau waya wa masi: mwili wote wa hii mashini ni chuma.

Mbele ya kufungua, piga picha na telefone kila hatua. Rangi ya zamani mara nyingi iko na risasi ndani, kwa hiyo usiikwangue kavu, lowanisha maji, na watoto wakae mbali. Kutu inatoka kwa mazutu na brosi ya chuma. Vipande vidogo vinaweza kulala ndani ya siki usiku mumoja, kisha unavisafisha, unavikausha na kuvipaka mafuta siku ile ile. Koni ya ndani ya broshi, ile inayoitwa Morse kwa jina la Mumarekani aliyeleta meshi ya kujipinda katika miaka ya 1860, usiiguse na papier emeri hata kidogo. Kitambaa tu. Ukiikula, mandreni haitakaa tena katikati.

Rulema zibadilishe zote kama zinanguruma. Nambari iko juu ya ubavu: 6203, kwa mufano, ni milimita 17 ndani, 40 inje na 12 upana, na inapatikana kwenye maduka ya vipande vya moto na gari. Mutu asikuuzie kwa macho, nenda na ile ya zamani mukononi.

Wakati wa kufunga kuroye juu ya puli, chagua mwendo. Kwa chuma laini, meshi ya milimita 5 inaomba mizunguko karibu 1600 kwa dakika, ya 10 karibu 800, ya 20 karibu 400. Vijana wengi wanaacha mwendo wa juu kwa kila meshi, halafu wanalalamika kwamba meshi ni za bandia. Zingine kweli ni bandia, lakini si zote.

Kazi ifungwe kwa eto ao kwa boloni juu ya meza. Ukiikamata kwa mukono na meshi ikashika mwishoni mwa tundu, kipande kinazunguka kama kisu. Usivae ganti, funga nywele, toa fulari na mikono mirefu ya shati. Na ufunguo wa mandreni, ufunge kamba fupi karibu na prizi: hivi hauwezi kuwasha mashini ukiwa umeusahau ndani.