Msako wa Memori Inayovuja Katika Lugha ya C

Programu ya C huomba memori kwa amri ya malloc na kuirudisha kwa amri ya free. Dennis Ritchie, aliyeiunda lugha hiyo katika maabara za Bell nchini Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970, hakuiwekea mfagiaji wa kuzoa memori iliyosahauliwa. Isiporudishwa, hubaki imeshikiliwa hadi programu izimwe. Katika seva inayokesha miezi mingi, kasoro hiyo ndogo huishia kuilemea mashine nzima.

Mwishoni mwa muongo huo, Stephen Johnson wa maabara hizo hizo alitoa lint, iliyosoma msimbo bila kuuendesha. Ilinasa makosa mengi, ila uvujaji ulihitaji macho mengine. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Reed Hastings, mmoja wa waanzilishi wa baadaye wa Netflix, alileta Purify, zana ya kunasa uvujaji huo, akishirikiana na Bob Joyce. Mwaka 2002 Julian Seward akatoa Valgrind, iliyo huru na yenye ukaguzi wa kina, japo programu ikiwa ndani yake hujikokota mara nyingi kuliko kawaida yake.

Mwaka 2012 wahandisi wa Google waliuingiza ukaguzi ndani ya kompaila yenyewe kwa AddressSanitizer. Ndugu yake, LeakSanitizer, husubiri programu imalizike, kisha hupekua memori ikitafuta pointa. Kipande kisichoelekezewa na pointa yoyote huhesabiwa kuwa kimevuja.

Hata hivyo, kinachoonekana hapo ni njia ambazo programu imezipitia tu. Chukua funksheni inayoomba memori mstari wa 12, kisha ikafungua faili mstari wa 15. Faili isipopatikana, mstari wa 17 unarudi na kosa. Free iko mstari wa 30. Katika majaribio faili ipo kila siku, kwa hiyo uvujaji haujitokezi kamwe.

Hapo ndipo GCC 10 ya mwaka 2020 ilipoleta mageuzi ya kweli, kwa kichanganuzi kilichoandikwa na David Malcolm wa Red Hat. Kwa swichi ya -fanalyzer, kompaila hujaribu kufuata kila tawi bila kuendesha chochote, na onyo lake huhesabu hatua moja moja: memori imeombwa hapa, tawi hili limefuatwa, hapa imevuja. Msomaji huonyeshwa safari nzima ya kosa. Lakini matawi huongezeka upesi mno, hivyo kichanganuzi hulazimika kuacha baadhi yake, na mara nyingine hutoa onyo pasipo kosa. Kwa sababu hiyo, msimbo uliokwisha kupita hapo bado huendeshwa chini ya LeakSanitizer.