Kutoka Mkunazini hadi Masasi

Ukitoka Lindi kwa basi utapita Mtama, Nyangao na Ndanda, kisha majabali ya Masasi yatajitokeza mbele. Abiria wengi husinzia. Mimi siwezi, maana nchi hii ilikanyagwa na misafara ya watumwa iliyotoka pande za Ziwa Nyasa kuelekea Kilwa na Lindi, watu wakiwa na makongwa shingoni.

Mwaka 1876 wengine walipita wakirudi bara. Walikuwa zaidi ya 50, wanaume kwa wanawake, waliokombolewa utumwani na kutunzwa na misheni huko Mbweni, Unguja. Askofu Edward Steere wa UMCA, misheni ya Kianglikana, alishuka nao Lindi, nia ikiwa kuwarudisha pande za Nyasa. Novemba wakafika Masasi, wakapapenda, wakaomba kubaki. Kijiji kikaanza.

Steere huyo huyo ndiye aliyekuwa akijenga kanisa la Mkunazini, Unguja, mahali pa soko la watumwa lililofungwa 1873. Leo wageni wa kila taifa husimama pale mbele ya sanamu za watu waliofungwa minyororo, kazi ya Clara Sörnäs ya mwaka 1998. Wanajifunza jinsi watu walivyouzwa, na ni vyema wajifunze. Ni wachache wanaouliza watu hao walikwenda wapi baada ya kuachwa huru. Habari hiyo iko huku kwetu.

Tena haina faraja tupu. Mwaka 1882 Wangoni, walioitwa Magwangwara, waliivamia Masasi, wakaua na kuchukua mateka. Hebu fikiri: mtu aliyekwisha kuvuliwa kongwa mara moja, anafungwa tena mbele ya nyumba aliyoijenga mwenyewe. Wamisionari wakahamia Newala kwa muda. Baadaye Cecil Majaliwa, Myao aliyetekwa na kuuzwa Unguja akiwa mtoto, akapewa ukasisi 1890 na kuhudumu Chitangali, karibu na nchi aliyonyang'anywa.

Ikaja 1905. Katika vita vya Majimaji dhidi ya utawala wa Wajerumani, misheni za Masasi, Lukuledi na Nyangao ziliteketezwa. Misheni ya Ndanda ilianzishwa 1906 kufuatia moto huo. Wajerumani nao wakachoma mashamba na maghala, na njaa ikaua wengi kuliko risasi. Songea wana makumbusho mahali pa mashujaa walionyongwa Februari 1906, na Novemba 2023 Rais Steinmeier wa Ujerumani aliomba radhi pale pale. Lakini waliokufa kwa njaa hawakufia mahali pamoja. Utaweka wapi jiwe la mtu aliyeanguka porini akichimba mizizi?

Kama ni kuwakumbuka wote hao, ningeanzia Masasi, chini ya majabali. Wanafunzi wa Ndanda wapelekwe pale, waoneshwe mahali ambapo watu wa 1876 walitua mizigo yao na kukataa kwenda mbele.