Pipa, Kopo na Mvinyo: Porto Ilizaliwa na Vita na Kodi

Ukisema "port" hapa Kenya, mtu wa kwanza atakuuliza kama unaenda Mombasa kutoa kontena. Na hajakosea sana. Porto ni mji wa kaskazini mwa Ureno, jina lake maana yake ni bandari tu, na mvinyo wa Porto uliitwa hivyo kwa sababu ulipakiwa melini hapo. Zabibu zake hazikui hapo. Zinakua mbali ndani, kwenye milima ya bonde la mto Douro, halafu mvinyo unateremshwa hadi Vila Nova de Gaia, ng'ambo ya mto kutoka Porto, unakaa kwenye maghala ukizeeka. Ni kama kahawa ya Nyeri iitwe Kilindini duniani kote. Hebu fikiria wasee wa Nyeri wangesema nini.

Naandika hii kwa sababu nimechoka na vile hadithi ya Porto husimuliwa kwenye meza za waonjaji. Ati Waingereza walifika, wakaonja, wakapenda, wakaufanya uwe wa maana. Hadithi safi, imepigwa pasi. Ile ya kweli ina kodi, vita, mawe na migongo ya watu, na kwangu ni tamu zaidi. (Kama hujafika miaka 18, hapa tunasoma historia tu. Glasi itakungoja. Hii ni pombe isiyo na haraka.)

Kwanza, angalia lugha yako mwenyewe. Mvinyo ni neno la Kireno, vinho. Kopo ni copo. Meza ni mesa. Pipa ni pipa, hata hawakubadilisha herufi. Wareno walianza kujenga Fort Jesus mwaka 1593, Waomani wakawatoa 1698, na baada ya kurudi kidogo 1728 wakafukuzwa tena. Tukabaki na ngome na maneno ya kuwekea kinywaji. Sasa cheki hii: mpaka leo Douro wanahesabu mvinyo kwa pipa. Pipa moja la huko ni lita 550. Mzee wa Lamu na mkulima wa Douro wakisema "pipa" wanaelewana bila mkalimani.

Miaka mitano tu baada ya Fort Jesus kuanguka, Desemba 1703, Ureno na Uingereza wakasaini mkataba ambao tunaujua kwa jina la balozi wa Kiingereza, John Methuen. Mpango ulikuwa rahisi. Ureno iruhusu nguo za sufi za Waingereza ziingie. Uingereza nayo itoze mvinyo wa Ureno kodi isiyozidi theluthi mbili ya ile inayotozwa mvinyo wa Ufaransa. Kwa nini? Kwa sababu Uingereza na Ufaransa walikuwa wanapigana, na walevi wa London walikuwa bado wana kiu. Hakuna mtu aliyeamka siku moja akasema Douro ina zabibu bora kuliko Bordeaux. Ushuru ndio uliochagua. Ladha ilikuja baadaye, ikafundishwa kuipenda.

Shida ilikuwa safari. Mvinyo wa Douro ulishuka mtoni kwa mashua bapa zinazoitwa rabelo, kisha ukavuka bahari, na njiani ukaharibika. Wafanyabiashara wakaanza kuongeza brandi kidogo ili uvumilie. Mwanzoni ilikuwa dawa ya safari tu. Polepole, hasa kuingia karne ya 19, brandi ikawa inawekwa mapema, wakati mvinyo bado unachacha, na hapo ndipo kinywaji kikabadilika kabisa.

Kama umewahi kukaa Kilifi utaelewa hii bila darasa. Mnazi wa asubuhi ni mtamu, karibu juisi. Ukiuacha mpaka jioni, hamira imekula sukari yote na sasa unauma. Sasa jaribu kufikiria mtu anasimamisha saa katikati: sukari bado imo, na hamira imekufa. Hivyo ndivyo brandi inavyofanya Porto. Kwenye lile pipa la lita 550, kama lita 435 ni mvinyo na lita 115 ni brandi yenye nguvu ya asilimia 77. Hamira haiwezi kuishi humo. Unapata kitu kitamu chenye nguvu ya asilimia 20 hivi. Kinateleza kama soda, kisha kinakuangusha.

Biashara ilivyonoga, ujanja nao ukaingia. Kufikia miaka ya 1750 watu walikuwa wanatia sukari na rangi ya matunda ya mwituni ili mvinyo hafifu uonekane mzito. Waingereza wakalalamika, bei zikaanguka, mkulima akaumia. Hapo akaingia yule waziri tunayemjua kama Marquês de Pombal, mtu mgumu aliyekuwa anaijenga upya Lisbon baada ya tetemeko la 1755. Mwaka 1756 akaunda kampuni moja yenye mamlaka juu ya mvinyo wa Douro, akachora mipaka ya eneo, akaamuru ile miti ya matunda ya kutia rangi ing'olewe. Mipaka ikawekwa kwa nguzo za mawe, zaidi ya 300, na baadhi bado zimesimama mashambani. Ni kati ya maeneo ya kwanza duniani ya mvinyo kuwekewa mpaka na sheria.

Vitabu vya kuonja vinampigia Pombal makofi na kusonga mbele. Vinasahau kwamba Februari 1757 watu wa kawaida wa mjini Porto, wenye vilabu na wateja wao, waliandamana kwa sababu kampuni hiyo iliwabana kwenye biashara yao. Jibu la serikali lilikuwa askari, mahakama na kamba ya kunyongea. Ubora ulilindwa, sawa. Lakini kuna watu walinyongwa kwa ajili ya huo ubora, na majina yao hayako kwenye lebo yoyote.

Majina yaliyoko kwenye lebo unayajua ukipita kwenye duka lolote la maana: Taylor, Graham, Cockburn, Dow. Majina ya wafanyabiashara. Mjini Porto wana jumba lao, Factory House, lililokamilika 1790, na lina vyumba viwili vya kulia vinavyofanana. Unakula chakula kwenye kimoja, halafu unahamia cha pili kunywa mvinyo ili harufu ya nyama isikuharibie pua. Siku za Jumatano wanakula pamoja, wanaletewa Porto ya zamani bila lebo, na kila mtu anakisia ni ya nyumba gani na mwaka gani. Napenda sana huo mchezo. Lakini ile milima yenye ngazi za mawe, kilomita na kilomita za kuta zilizopangwa kwa mkono, ilijengwa na Wareno maskini na vibarua waliotoka Galicia, Uhispania. Hao hawakuwa na chumba hata kimoja cha kunywea.

Kati ya Waingereza wa wakati huo kuna mmoja ninamheshimu, Joseph James Forrester. Alichora ramani nzuri ya Douro, na mwaka 1844 akatoa kijitabu akisema waziwazi kwamba brandi imezidi na mvinyo wa Douro ungejisimamia bila hiyo. Wenzake wakamchukia. Mei 1861 mashua yake ikapinduka kwenye maporomoko ya Valeira, akazama, na mwili haukupatikana. Inasimuliwa kwamba mkanda wake ulikuwa umejaa sarafu za dhahabu, ukamvuta chini. Ndani ya mashua hiyo hiyo alikuwemo Dona Antónia Ferreira, mwanamke tajiri wa Kireno mwenye mashamba mengi, naye akapona. Wanasema sketi yake pana ilishika hewa ikamuelesha. Sketi inaweza kuwa chumvi ya wasimulizi. Ila mama mwenyewe si hadithi. Mdudu wa Marekani anayekula mizizi ya mizabibu alipovamia Douro miaka hiyo ya 1860 na kuendelea, na watu wakaacha mashamba, yeye aliendelea kupanda na kununua mpaka alipokufa 1896. Dawa ilikuja kuwa kuunganisha mizabibu ya Ulaya juu ya mizizi ya Kimarekani. Ngazi zilizoachwa wakati ule bado zinaonekana mlimani, tupu, na huko wanaziita kwa neno linalotokana na kifo: mortórios.

Na Forrester? Alishindwa kabisa. Brandi ilibaki, na bila hiyo tusingekuwa na kile kitu kinachowafanya waonjaji wapigane, yaani vinteji.

Vinteji ni Porto ya mwaka mmoja tu, mwaka mzuri, na si kila mwaka. Nyumba "inatangaza" mwaka pengine mara tatu hivi kwa miaka kumi. Mvinyo unakaa kwenye mbao miaka miwili au mitatu, unatiwa kwenye chupa bila kuchujwa, na kazi iliyobaki inafanyika ndani ya chupa, gizani, miaka 20, 40, hata zaidi. Hii iliwezekana kwa sababu ya jambo dogo: karne ya 18 chupa zilibadilika kutoka umbo la kitunguu zikawa ndefu na nyoofu. Chupa ndefu inalala ubavu, kizibo kinabaki kimelowa, hewa haiingii. Kabla ya hapo huwezi kuzeesha kitu.

Hata kutangaza mwaka kuna siasa yake. Mwaka 1931 zabibu zilikuwa nzuri sana, lakini dunia ilikuwa imefilisika na maghala yalikuwa bado yamejaa mvinyo wa 1927, kwa hiyo nyumba nyingi zikanyamaza. Quinta do Noval ikatangaza, na ule wa kutoka kipande chao cha mizabibu isiyounganishwa, Nacional, sasa ni kati ya chupa zinazosakwa zaidi duniani. Mvua ilifanya kazi yake, na mabenki yakafanya yao.

Mwezi uliopita tulikuwa sita, South B, kwa mzee mmoja aliyefanya kazi kwenye meli za kitalii na amekuwa akiweka chupa kama wengine wanavyoweka shamba. Sisi wengine tulichanga kama chama. Tulikuwa na tatu: 1977, 1985 na 1994. Mzee alikuwa amezisimamisha wima tangu jana yake ili mashapo yashuke, halafu akamimina polepole kwenye jagi la glasi kupitia kitambaa safi. "Mzee, kwa nini usitumie leso?" mmoja akachokoza. "Leso pia ni ya Wareno, mama. Lakini ile yako ina maandishi, mvinyo utasoma." Kisha akapeleka majagi jikoni, akayapanga upya, tukaonja bila kujua ipi ni ipi, Factory House ya South B.

Ya kwanza ilikuwa nyeusi karibu kama wino, zambarau zilizoiva kupita kiasi, na ulimi ukakaza kama umetafuna ganda la ndizi mbichi. Ya pili ilikuwa na ukwaju na sukari guru. Ya tatu rangi ya tofali, nyepesi mdomoni, tende, majani ya chai makavu, na harufu kama ya sanduku la bibi. Haikuisha upesi. Ukimeza, bado unaongea nayo.

Tukabishana. Dada mmoja anayeonja kahawa kazini alisema ya kwanza ndiyo bora, ina nguvu, nyingine zimechoka. Mzee akasema, "Binti yangu, hiyo bado ni kijana. Inapiga kelele." Yeye akajibu kwamba watu wanasifia uzee kwa sababu ndio ghali. Kwangu ya tatu ilishinda bila mjadala, lakini hoja ya yule dada haikujibiwa na mtu. Majina yalipotolewa, ya kwanza ilikuwa 1994, ya tatu 1977. Watu wawili walikuwa wamezigeuza hiyo na 1985.

Halafu yeye ndiye aliyeuliza swali la maana zaidi jioni hiyo: mkulima alipata ngapi? Kahawa yetu inapangwa AA, AB, na kadhalika, na herufi hiyo inaamua mzee wa Nyeri analala vipi. Douro kuna herufi pia. Kila kipande cha mizabibu kinapewa daraja, A hadi F, na kila mwaka wakuu wanaamua ni mapipa mangapi yatakayoruhusiwa kuwa Porto. Daraja lako linaamua sehemu yako. Zabibu zinazobaki zinageuka mvinyo wa kawaida, kwa bei ya chini. Watu wanakunywa Porto kidogo kuliko zamani, kiwango kimekuwa kikipunguzwa, na wakulima wadogo wanaobaki na zabibu mkononi ni wengi. Wale wenye chupa za 1977 hawasikii hata kelele.

Mpaka 1986 mkulima hakuweza hata kuuza Porto yake nje moja kwa moja. Ilibidi ipitie Gaia, kwa wenye maghala. Sheria ilibadilishwa, na sasa kuna mashamba yanayojaza chupa huko huko bondeni, kwa jina la familia. Tumekubaliana chupa ijayo iwe ya mmoja wao. Mzee anasema itafika Desemba, mradi yule jamaa anayeileta asizidishe kilo uwanja wa ndege.