Mimba nje ya kizazi: kwa nini damu hupimwa mara mbili

Mistari miwili kwenye kipimo cha mkojo inaeleza jambo moja tu: mimba ipo. Haielezi imejishikiza wapi. Zaidi ya mimba 9 kati ya kila 10 zinazotunga nje ya kizazi hukaa kwenye mirija ya uzazi, na mrija hauwezi kutanuka kama kizazi. Ukipasuka, mama huvuja damu tumboni bila mtu wa nje kuiona.

Kipimo hicho cha mkojo hutafuta homoni iitwayo hCG, inayotengenezwa na chembe hai ambazo baadaye huwa kondo la nyuma. Maabara ya hospitali inaweza kupima kiasi chake katika damu na kutoa namba. Hapo ndipo wengi wetu huchanganyikiwa, kwa sababu namba moja peke yake haitoshi. Jibu la 800 linaweza kuwa la mimba changa iliyo salama, la mimba inayoharibika, au la mimba iliyo kwenye mrija.

Ndiyo maana daktari humwambia mama arudi baada ya saa 48. Mimba iliyokaa vizuri, ikiwa ilianza na namba iliyo chini ya 1,500, kwa kawaida hupanda kwa karibu nusu au zaidi katika muda huo. Kwa hiyo 800 inatarajiwa kufika 1,200 hivi au kupita. Ikipanda kwa kusuasua, au ikishuka kidogo tu, daktari hushuku. Hushuku tu, maana baadhi ya mimba za kwenye mrija hupandisha homoni sawasawa na mimba ya kawaida. Wengine hupimwa pia projesteroni. Ikiwa chini sana huonyesha mimba haiendelei, lakini nayo haisemi iko wapi. Mahali hutafutwa kwa altrasaundi. Namba ikizidi 3,500 na kizazi kikaonekana kitupu, wasiwasi huwa mkubwa.

Tunajua kurudi hospitali ni nauli nyingine ya bodaboda. Tena mrija unaweza kupasuka hata namba ikiwa ndogo, hata ikiwa inashuka. Maumivu makali ya tumbo, kizunguzungu, kuzimia au maumivu kwenye ncha ya bega hayasubiri kipimo cha pili. Mama aondoke saa hiyo hiyo, hata usiku, aende hospitali inayofanya upasuaji, na amwambie mhudumu wa kwanza kwamba ana mimba au hedhi imechelewa. Kama zahanati ndiyo iliyo karibu, aombe rufaa na usafiri mara moja.