Refa mwenye hisa kwenye timu mbili

Wadau, kila msimu wa siasa lazima mtu apande jukwaani aseme kampuni kubwa ya simu ivunjwe, na mwingine ajibu kwamba serikali iuze hisa zake zote. Tunapiga makofi pande zote mbili. Kabla hujachagua upande, hebu turudi nyuma kidogo. Uzi.

Hadi 1999, simu na barua zilikuwa mikononi mwa shirika moja la serikali, KPTC. Lilipogawanywa tukapata Posta, Telkom Kenya, na tume ya kusimamia mawasiliano, CCK. Safaricom nayo ni mtoto wa nyumba hiyo hiyo. Mwaka 2000 Vodafone ya Uingereza ikachukua asilimia 40 yake, 60 zikabaki kwa Telkom. Mwaka huo huo Kencell ikaingia sokoni na pesa za watu binafsi. Hiyo ndiyo ikawa Celtel, ikawa Zain, leo Airtel (majina mengi, najua).

Mwisho wa 2007 France Télécom ikanunua asilimia 51 ya Telkom, serikali ikabaki na 49. Mwaka uliofuata serikali ikauzia umma robo ya Safaricom, shilingi 5 kwa kila hisa. Watu walipanga foleni, wengine wakakopa benki. Serikali ikabaki na 35.

Weka hizo namba mbili kichwani: 35 na 49. Kampuni mbili zilikuwa zinagombania mteja mmoja, na mwenye hisa kotekote alikuwa yule yule aliyeteua mwenyekiti wa CCK.

Sasa twende Agosti 2010. Ukipiga simu kwenda mtandao mwingine, mtandao wako unaulipa ule mwingine ada kwa kila dakika. Mtandao mkubwa hauumii sana, maana wateja wake wanapigiana wao kwa wao. Ule mdogo, karibu kila mtu anayepigiwa na wateja wake yuko kwa mkubwa, kwa hivyo ni kulipa tu. CCK ikakata hiyo ada kutoka shilingi 4.42 hadi 2.21. Zain ikashusha bei ya kupiga hadi shilingi 3 kwa dakika, na wengine wakalazimika kushuka pia. Ghafla watu wakawa wanaongea badala ya kuflash.

Ratiba ilisema ada ishuke tena Julai 2011, hadi 1.44. Safaricom na Telkom zikapinga. Kusema kweli kuna hoja hapo, minara haijengwi kwa maombi. Lakini ada ikagandishwa, na hiyo 1.44 ilikuja mwisho wa 2012. Zaidi ya mwaka mzima mwananchi alingoja.

Angalia vizuri nani alikuwa wapi. Waliopinga ni 35 na 49. Aliyetaka ada ishuke ni yule ambaye serikali haikuwa na hisa kwake. Sisemi ati kuna mtu alipigiwa simu usiku. Gawio likiingia Hazina kila mwaka, hakuna haja ya njama.

Si kwamba umiliki wa pamoja ni mbaya wenyewe. Chukua TEAMS, kebo ya chini ya bahari kutoka Fujairah hadi Mombasa, iliyofika 2009. Serikali iliianzisha na Etisalat ya Emirates, halafu Safaricom, Telkom, Kenya Data Networks, Wananchi na wengine wakachanga na kupata hisa. Watu wanaochinjana kwa bei, waya mmoja! Na ilifaa, kwa sababu kabla ya hapo intaneti yetu ilipitia setilaiti, ghali na polepole. Ila SEACOM, kebo ya watu binafsi, ilifika mwaka huo huo, na EASSy ikafuata 2010. Hakuna aliyeweza kufunga mlango wa bahari peke yake.

Kwa hivyo akija wa "tuvunje", muulize kama Hazina iko tayari kupoteza gawio. Akija wa "tuuze", muulize ada itapangwa na nani, na huyo atateuliwa na nani.

Na kama unadhani haya ni ya zamani: Agosti 2022, siku chache kabla ya uchaguzi, serikali ililipa shilingi bilioni 6.09 kununua asilimia 60 ya Telkom kutoka kwa Helios, ikawa inaimiliki yote. Wabunge wakaanza kuuliza nani aliidhinisha. Mwaka 2023 ununuzi ukafutwa. Wakati huo wote, zile 35 za Safaricom zilikuwa pale pale.