Serikali ya Wanafunzi wa Mlimani na Auni Yake kwa Elimu

Wengi wanapotajiwa serikali ya wanafunzi hukumbuka migomo, malalamiko ya chakula na ugomvi wa fedha ya kujikimu, wakadhani kwamba muradi wa chombo hicho ni tumbo na malazi tu. Lakini mtu akiifuata kwa utulivu tarehe ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho wenyeji wake hukiita Mlimani, ataona kwamba faida kubwa kuliko zote waliyokiletea wanafunzi kwa kujitawala ilikuwa katika elimu yenyewe: yale yanayofundishwa, namna yanavyofundishwa, na nani aliye na haki ya kuyahoji.

Chuo kilifunguliwa tarehe 25 Oktoba 1961, mwezi mmoja na ushei kabla ya uhuru wa Tanganyika, katika jengo la chama cha TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja cha sheria na wanafunzi wachache mno. Mwaka 1964 kikahamia kilimani kilipo sasa. Mtihani mkubwa wa kwanza wa umoja wa wanafunzi ulikuja tarehe 22 Oktoba 1966, walipoandamana na majoho yao mekundu hadi Ikulu kupinga utumishi wa lazima wa Jeshi la Kujenga Taifa, ambao ulimtaka mhitimu alitumikie taifa miaka miwili, miezi mitano kambini na iliyobaki kazini kwa asilimia 40 ya mshahara. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, kisha akaghadhibika. Wanafunzi 393 wakarudishwa makwao, naye akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Ushujaa ulikuwapo siku ile, sikatai, lakini hoja yao kubwa ilikuwa ya mshahara, na wananchi walioishi kwa jembe hawakuona sababu ya kuwalilia.

Fadhaa hiyo, ikifuatiwa na Azimio la Arusha la Februari 1967 lililotangaza siasa ya ujamaa, ilikilazimu chuo kujitazama. Mwezi Machi mwaka huo uliitishwa mkutano wa kupima nafasi ya chuo katika nchi ya kijamaa, na mtaala uliorithiwa kutoka Uingereza ukawekwa mbele ya macho ya watu ukachambuliwa. Hapo ndipo sauti ya wanafunzi ilipobadilika. Mwaka ule ule iliundwa jumuiya ya wanafunzi wa kimapinduzi iliyojulikana kwa herufi USARF, ambayo mwenyekiti wake alikuwa Yoweri Museveni kutoka Uganda, na ndani yake walikuwamo vijana wa mataifa mbalimbali ya Afrika. Haikuwa serikali ya wanafunzi, maana chombo rasmi kilikuwa ni umoja wao uliokuja kuitwa DUSO. Lakini ilikuwa chuo ndani ya chuo, kwani Jumapili asubuhi, wakati wenzao wamepumzika, wanachama wake walikusanyika kusoma na kujadili vitabu ambavyo hakuna mhadhiri aliyewalazimisha kuvisoma.

Kutoka kwao lilizaliwa jarida la Cheche, toleo lake la kwanza likatoka Novemba 1969. Halikuwa na kiwanda wala mfadhili: makala zilipigwa taipu juu ya karatasi za nta, zikarudufiwa kwa mashine, kurasa zikapangwa na kubanwa pini kwa mkono, kisha wanafunzi wenyewe wakalipeleka kwa wasomaji. Katika jarida hilo, mwaka 1970, ilichapwa insha ndefu ya Issa Shivji juu ya mapambano ya kimya ya kitabaka nchini, ambayo wasomi wa nchi nyingine, Walter Rodney akiwa mmoja wao, waliijibu kwa staha kama waijibuvyo kazi ya mwanachuoni mwenzao. Ni shahada gani itoayo mafunzo bora ya kuandika, kuhariri na kupokea ukosoaji kuliko kazi hiyo? Novemba 1970 serikali iliipiga marufuku USARF pamoja na Cheche, kwa hoja kwamba Umoja wa Vijana wa TANU ulitosha. Vijana wale wakaendelea na jarida jingine, Maji Maji, chini ya umoja huo.

Lakini tukio lililo karibu zaidi na muradi wetu ni lile la mwaka 1971. Chuo kilikuwa kimekwisha kujitegemea tangu tarehe 1 Julai 1970, kikiwa na Makamu Mkuu wake wa kwanza, Pius Msekwa, na mwezi Februari 1971 TANU ilikuwa imetoa Mwongozo, waraka uliowakemea viongozi wenye kibri na dharau. Wanafunzi waliuchukua Mwongozo kwa moyo mkunjufu, wakauliza: je, maneno haya yanaishia kwenye lango la chuo? Rais wa DUSO, Symonds Akivaga, Mkenya, aliandika barua ya wazi mwezi Julai akilalamika kwamba mambo ya chuo yanaamuliwa kwa amri bila ya shura. Alisimamishwa masomo, askari wa Kikosi cha Kutuliza Ghasia wakaja kumwondoa mbele ya wenzake, akapelekwa kwao. Wanafunzi waliacha madarasa, na jambo ambalo halikuwa la kawaida likatokea: wahadhiri wengi wakasimama pamoja nao, wakakutana na kusema kwamba kuendesha chuo kwa nguvu ni taksiri kwa elimu. Iliundwa kamati ya kuchunguza. Akivaga akaruhusiwa baadaye kurejea kumaliza masomo yake, na nafasi ya wanafunzi katika vikao vya maamuzi ikapanuka.

Naomba msomaji akitazame kwa insafu kilichopatikana, maana si kidogo. Mwanafunzi akiketi katika kikao cha kitivo pamoja na walimu wake, akasikia kwa nini somo limewekwa na jingine limeondolewa, akatakiwa kutoa rai yake kwa adabu na ushahidi, huyo amejifunza jambo ambalo maktaba haimpi. Na mwalimu naye, akijua kwamba silabasi yake itaulizwa na yule anayeisoma, huiandaa kwa uangalifu zaidi.

Mlango huo haukuachwa wazi. Machi 1978 wanafunzi waliandamana kupinga nyongeza ya masilahi ya wanasiasa. Mamia wakafukuzwa, DUSO ikavunjwa, na mahali pake pakawekwa MUWATA, chombo kilichofungamanishwa na umoja wa vijana wa chama tawala. Miaka ile kuta za chuo zilikuwa na maandishi ya siri yaliyojulikana kama Mzee Punch, yaliyowadhalilisha wanafunzi wa kike bila ya mtu kuwajibika kwa kauli yake. Na mapema 1990 msichana mmoja alipoteza uhai baada ya mateso ya namna hiyo. Sisemi kwamba kuvunjwa kwa DUSO ndiko kulikoyazaa hayo. Nasema tu kwamba jumuiya inayochaguliwa na wanafunzi na kuaminiwa nao ingeweza kumlinda msichana yule, nayo haikuwapo. Mei mwaka ule ule, baada ya mgomo, chuo kilifungwa hadi Januari 1991. Na kutokana na madai ya wakati huo ya kuwa na umoja huru ndipo ilipotokea DARUSO, iliyopo hata leo.

DARUSO ina rais, mawaziri na bunge lake, na aghalabu magazeti huitaja pale mikopo inapochelewa. Lakini mwenye kuifahamu kazi yake humtazama kiongozi wa darasa, yule anayeitwa CR: ndiye anayemfuata mhadhiri kumwambia kwamba majaribio mawili yamepangwa kwa saa ile ile, kwamba alama za wenzake kumi hazionekani, kwamba kitabu kilichoagizwa hakipo maktaba. Hapati sifa kwa hayo, na darasa lisilo na CR mwenye ghera hulipa gharama yake katika matokeo ya mwisho wa muhula.

Nawe mwanachuo, utakapopigiwa kampeni mwaka huu, usimwulize mgombea habari za chakula pekee. Mwulize ni kikao gani cha kitivo atahudhuria, na silabasi ya somo gani ameisoma hadi mwisho. Akikosa jibu, mpe kura mwingine.