Hila na Jina la Mangungo

Huku kwetu Tanga neno "hila" aghalabu hutamkwa kwa lawama. Lakini katika Kiarabu, tulikolitwaa, hila ni mbinu pia, yaani njia aipatayo mtu aliyebanwa ili ajinasue. Mzizi wake ni wa kugeuka, na ndugu zake tunao: "hali", ambayo hubadilika, na "hawala", fedha ihamishwayo kutoka mkono hadi mkono. Sisi tulilishika zaidi kwa upande wake wa giza.

Na pwani hii iliiona hila ikitembea kwa miguu. Mwezi Novemba 1884 Carl Peters alivuka kutoka Unguja hadi Saadani, kusini mwa Pangani, akapanda bara kuelekea Uzigua na Usagara. Hati alizobeba zilitaja urafiki wa milele. Chini ya maneno hayo matamu watawala walikuwa wakiikabidhi ardhi yao na haki zake zote. Mangungo wa Msovero alitia alama yake. Tarehe 27 Februari 1885 Kaisari Wilhelm wa Kwanza akazipa hati hizo ulinzi wake, na Sultani Barghash akapinga bure.

Jambo moja latusumbua. Hata leo, kiongozi akitia saini mkataba mbaya, huitwa Mangungo. Aliyedanganywa ndiye aliyegeuzwa neno la mitaani. Mwenye hila hakuachiwa hata msemo. (Peters aliachishwa utumishi mwaka 1897, kwa ukatili wake Kilimanjaro, wala si kwa hati zile.)